Mashine Iliyoitikia Hodi

Nilifundishwa kazi ya kompyuta na mtu aliyekuwa akiibishia hodi mashine. Sitanii. Alikuwa karani mkuu wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, mtu wa bara, nami nilikuwa msaidizi wake, msichana wa Msambweni niliyeingia pale na cheti cha kupiga taipu na woga mwingi. Mashine yenyewe tuliiita seva, kwa kuwa ndivyo alivyoiita aliyetuuzia. Ilikaa chumba cha nyuma ya mapokezi, na ndani yake mlikuwa na majina ya wageni wote, waliopo na watakaokuja. Ukitaka kuingia, skrini ilikuuliza jina lako, kisha neno lako la siri. Yeye kila asubuhi, mahali pa jina, aliandika kwanza: hodi. Mashine ikamkatalia, ikauliza tena, ndipo akaandika jina lake. Jioni akimaliza aliandika kwaheri. Mashine ikajibu kwamba hailijui neno hilo, naye akacheka, akaandika amri ya kutokea.

Nilimwuliza sababu.

"Dada, mimi nilipofika huku pwani nilikuwa mshamba," alisema. "Siku moja pale Ukunda niliingia nyumba ya watu kimyakimya, natafuta chumba cha kupanga. Mama mwenye nyumba akanitoa kwa ufagio wa chelewa. Akaniambia, huku mtu hubisha hodi, akaitikiwa karibu, ndipo akavua viatu. Akibisha mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Tangu siku hiyo mimi sina mchezo na hodi."

Nilimwita kaka, naye aliniita dada, na hatukuitana hivyo kwa adabu ya kazini tu. Mke wake alinifundisha kupika githeri ya mahindi na maharagwe, mimi nikamfundisha kukuna nazi bila kujikuna vidole. Wanangu wa baadaye, nilikuwa nikijiambia, watawaita wanawe binamu.

Kisha ikaja miezi ile ambayo sisi wa pwani ya kusini hatupendi kuisimulia. Vilitupwa vikaratasi vya kuwaambia watu wa bara waondoke. Baada ya vikaratasi ukaja moto. Kibanda cha kaka kikaungua pamoja na cherehani ya mkewe, wakakimbilia feri ya Likoni na godoro moja na watoto watatu. Waliofanya yale hawakuniuliza mimi, lakini walisema wanafanya kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililoniuma na linaloniuma. Kabla ya kuondoka alipita hotelini. Hakuingia ndani. Alisimama getini na shati lake la kazi mkononi, lile la bluu lenye nembo ya hoteli, akaniuliza kama alirudishe.

"Kaa nalo," nikamwambia. "Mambo yatatulia."

"Wageni wakirudi nitarudi," alisema. "Hoteli ikijaa, meneja hawezi bila mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nilimwambia inshallah. Kikombe chake kilibaki rafuni, na jina lake na neno lake la siri vikabaki ndani ya mashine. Hakuna aliyekumbuka kuviondoa, wala aliyetaka.

Wageni hawakurudi. Wazungu waliiona mioshi yetu kwenye televisheni zao, wakaenda kuota jua kwingine. Wafanyakazi wakapunguzwa wiki hadi wiki, mpaka bustani ikabaki na mtu mmoja na jikoni wawili. Mimi nilibakizwa kwa kuwa mshahara wangu ulikuwa mdogo na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyejua kuwasha ile mashine.

Siku moja meneja alifungua vyumba vya Desemba kwenye skrini akakuta kundi kubwa la wageni halimo tena. Jana yake lilikuwamo. Alinitazama, nami nikamwapia kwamba sikugusa. Basi akaamua kuna mwizi. Seva yetu ilikuwa imeunganishwa na laini ya simu, ili wakala wetu wa Mombasa aweze kupiga kutoka ofisini kwake na kuangalia vyumba. Meneja akasema kuna mtu, pengine wa hoteli jirani, anapiga namba hiyo, anaingia, anafuta wageni wetu na kuwavutia kwake. Leo nikifikiri naona ilimfaa sana kuamini hivyo. Mwizi anaweza kukamatwa, lakini mtu asiyetaka kuja kwako utamfanya nini?

Akaitwa mtaalamu kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye miwani na viatu vya mpira, na alikuja na maneno ambayo sisi hatujapata kuyasikia.

"Madam, hapa hatufungi mlango," aliniambia. "Tunauacha wazi kidogo, lakini nyumba si ile. Unacheki?"

Mpango wake ulikuwa huu. Kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo ingefanywa ifanane na seva yetu kwa kila kitu, na laini ya simu ingehamishiwa kwake. Seva ya kweli ingekatwa simu, na wakala wa Mombasa angeambiwa atumie faksi kwa muda. Hivyo yeyote ambaye angepiga namba ile kwa kompyuta na kuingia angekuwa mtu asiyepaswa kuingia. Mashine ya uongo ingemwacha atembee humo atakavyo, huku ikirekodi kila herufi anayoibonyeza, nasi tungemsoma: anajua nini, anatafuta nini, anapenda kukaa wapi. Aliiita seva ya chambo. Nikamwelewa upesi, maana babu zangu wote walikuwa wavuvi na kwetu hakuna Mdigo asiyejua chambo.

Chambo chenyewe kilitakiwa kinukie. Hakuna mwizi atakayehangaika na hoteli tupu, alisema mtaalamu, kwa hiyo ilibidi hoteli ya uongo ijae. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nikatunga wageni. Nilianza na majina tu, kisha nikanogewa. Nikamtunga bibi harusi anayetaka chumba cha kuelekea bahari, na mzee asiyekula chumvi anayesafiri na dada yake, na familia inayoomba kitanda cha mtoto na chandarua kisicho na tundu. Vyumba vikajaa kimoja kimoja mpaka hapakubaki hata kile cha karibu na jenereta. Nje ya dirisha mwenye bustani alikuwa akifagia majani ambayo hakuna mtu angeyakanyaga, na mimi ndani nilikuwa na hoteli iliyojaa mpaka mlangoni. Zilikuwa siku zangu za mwisho za furaha katika kazi ile, na zilikuwa za uongo.

Wakati huo nilikuwa nimepata habari za kaka. Dereva wa lori la saruji alishusha mzigo Ukunda akanitafuta na salamu. Kaka alikuwa Mackinnon Road, katika yadi ya malori kando ya barabara kuu ya Nairobi, akiandika matairi na mafuta. Tajiri wa yadi alimpa chumba cha kulala na familia yake.

"Amebahatika yule," dereva alisema. "Watu wanapanga foleni kwa kazi ile. Lakini kila siku hadithi zake ni Diani, Diani."

Chambo kilikaa bila kuguswa kwa muda. Kisha adhuhuri moja, nikiwa nafungua chakula changu, modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikalia ule mlio wake wa kukwaruza. Mtaalamu akaruka kutoka kitini. Tukasimama wawili mbele ya skrini, herufi zinajitokeza moja moja, polepole, kutoka kwa mtu tusiyemwona. Herufi za kwanza zilikuwa hodi.

Mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. "Mwizi mwenye adabu!"

Mimi sikucheka. Mashine ikakataa, ikauliza tena, na likaja jina la kaka, lile ambalo hakuna aliyeliondoa. Aliingia. Hakufuta kitu, hakubadili kitu. Alifungua vyumba vya Desemba, akatazama, akafunga. Akaandika kwaheri, mashine ikamwambia hailijui neno hilo, na laini ikakatika.

"Jina hili la nani?" mtaalamu aliuliza.

"La mtu aliyeacha kazi," nilisema. "Ameangalia tu. Huyu si mwizi."

Meneja alikuwa mlangoni. "Mtu aliyeacha kazi na anaingia bila ruhusa, huyo ndiye mwizi wangu," alisema. "Nikijua yuko wapi, polisi watamfuata leo hii."

Nikafunga mdomo kuhusu Mackinnon Road. Tangu hapo kaka alipiga mara kwa mara, kila mara adhuhuri. Nadhani ndiyo saa ambayo tajiri wake alikwenda kuswali na kula, na kompyuta ya yadi ikabaki peke yake na simu. Hodi. Jina. Desemba. Kwaheri. Nilimwona anahesabu wageni wangu. Anamtazama bibi harusi wangu, anamtazama mzee wangu asiyekula chumvi, na anaamini.

Nilikwenda nyumbani Msambweni kumwangalia mama, aliyekuwa akiumwa mgongo, na kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwambia, nikamweleza ule mtego. Mama hakuwahi kuiona kompyuta. Alikuwa akichambua mbaazi kwa hasira, kama alivyofanya kila kitu akiumwa.

"Ni kago hilo," alisema. Kago ni dawa anayoweka mwenye shamba ili mwizi akigusa muhogo anase papo hapo. "Mmetundika nini?"

"Kutundika vipi?"

"Mwenye kago hutundika kitambaa au kigae, kila mpita njia akaona akajua. Usipotundika, anayenasa ni jirani mwenye njaa. Hukufunzwa hilo, na kusoma kwako kote?"

Nililala pale siku mbili kwa ajili ya mgongo wake. Njiani nikirudi nilikata shauri nimwombe mtaalamu aweke onyo kwenye mlango wa mashine, maneno machache tu, mwenye kusoma asome. Nilimkuta anajipigapiga mapaja kwa furaha.

"Madam, umekosa sinema. Nimeifundisha mashine kumjibu jamaa yetu. Sasa akibisha hodi, inaandika karibu. Na amekaa! Kila siku alikuwa anaingia na kutoka, lakini juzi amekaa mpaka nikachoka. Akikaa hivyo tena, watu wa simu wataweza kufuatilia anapiga kutoka wapi."

Alinionyesha rekodi. Hodi, na chini yake, karibu. Halafu kimya kirefu ambacho mashine ilikipima kwa sekunde zake. Halafu, herufi kwa herufi: ahsante dada.

Nilielewa palepale alichokielewa yeye. Miaka yote ile mashine ilimkatalia hodi yake, na aliyeijua hodi hiyo ni mtu mmoja tu duniani. Kwake neno lile halikuwa la mashine. Ilikuwa ni mimi, mtoto wa pwani, mtu wa wale waliomchomea nyumba, nimemwitikia. Baada ya hapo alifungua chumba baada ya chumba, kile cha bibi harusi, kile cha chandarua, akasoma kila kitu mpaka mwisho.

Nilimwambia mtaalamu aliondoe neno lile. Hakuwa mtu mbaya, alikunja uso akataka kujua kwa nini, na nikamwambia kwamba karibu si kitu cha kumchezea mtu. Akamwuliza meneja. Meneja akasema libaki.

Adhuhuri ileile nilitoka mbio mpaka Ukunda. Kando ya soko kulikuwa na lori la yadi ile lililoharibika tangu wiki iliyopita, na namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa rangi mlangoni mwake. Nikapiga kutoka kibanda cha simu. Aliyepokea alikuwa mlinzi wa geti, na nyuma yake niliyasikia malori yakinguruma. Kaka hayupo, alisema, ametumwa kwenye mizani ya malori.

"Mwambie dada yake wa Diani amepiga," nikamwambia. "Mwambie asiondoke hapo kwa lolote. Anachokiona si kweli. Mwambie nitapiga tena kesho."

"Sawa, nimesikia," alisema mlinzi.

Usiku ule mvua ilianza. Wenye umri wangu wanaikumbuka bila kutajiwa mwaka. Ilinyesha mpaka visima vya Mkongani vikafurika na barabara ya Mombasa ikamegwa, madaraja yakaenda na maji, na nguzo za simu zikalala. Nilikwenda kwenye kile kibanda kila siku, nikatia sarafu, nikasikiliza upepo ndani ya waya. Lori lililoharibika lilikuwa limezama matairi nusu kwenye tope. Nilimtafuta dereva yeyote anayekwenda bara, wakanicheka, kwani hakuna aliyekuwa akikwenda kokote. Modemu nayo ilinyamaza. Mtaalamu akachoka kusubiri, akasema mwizi ameshtuka, akapanga mizigo yake kungoja barabara ifunguke.

Katika siku zile ikaja faksi kutoka kwa wakala wa Mombasa, moja kati ya chache zilizopenya. Alituuliza kama tuliona kwamba alilifuta lile kundi la Desemba. Wageni wenyewe walikuwa wamejitoa, alisema, na aliingia kwenye seva yetu akawaondoa kama ilivyokuwa kawaida yake. Meneja aliisoma faksi ile amesimama, akaisoma tena ameketi. Mwizi hakuwapo, wala hajapata kuwapo. Siku hiyo nilimwonea huruma hata yeye.

Mtu angedhani baada ya hapo tungeizima mashine ya chambo. Hakuna aliyejali kuizima. Iliendelea kuwaka chumba cha nyuma, imejaa wageni wangu.

Desemba ilikuwa imeanza, asubuhi ya manyunyu, niliposikia sauti upande wa mapokezi.

"Hodi."

Nilikuwa nimeshika karatasi, na nakumbuka niliiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba ingevunjika. Ikaja hodi ya pili. Kwetu hodi ikibishwa jibu hutoka lenyewe, halingoji akili. Langu halikutoka. Alibisha ya tatu, na nikajua kwamba kwa adabu niliyofundishwa na aliyofundishwa kwa ufagio, nikinyamaza atageuka aende zake, na kwamba hana pa kwenda. Nikatoka bila kusema neno.

Alikuwa amevaa lile shati la bluu. Lilikuwa limepigwa pasi, Mungu ndiye ajuaye wapi, kwa mtu aliyepanda malori na kuvuka mito kwa miguu siku zile zote. Nje chini ya paa la makuti alisimama mkewe na watoto, na lile godoro moja limefungwa nailoni. Alikuwa akitabasamu. Kisha akaangalia ukumbi. Viti vilikuwa vimebebanishwa hadi dari, mashuka meupe juu ya makochi, na maji yakidondokea kwenye ndoo kutoka paa lililovuja.

"Wageni wanafika lini?" aliniuliza.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nimesimama, bila kumkaribisha kiti. Alisikiliza kwa utulivu ambao ningependa angeuvunja.

"Mlinzi hakuniambia hivyo," alisema. "Aliniambia tu, dada yako wa Diani amepiga, anakutafuta. Nikaona basi, neno limetimia. Yadi nimewaaga siku hiyohiyo. Wamekwisha kuweka mtu mwingine."

"Nilimwambia akwambie—"

"Lakini uliniambia karibu, dada."

Ningeweza kusema si mimi, ni kijana wa Nairobi mwenye miwani. Nilisema. Alitikisa kichwa kwa upole, ndiyo, ameelewa, na niliona wazi kwamba kuelewa hakukumsaidia kitu. Meneja alitoka ofisini, akamwona, akarudi ndani akafunga mlango. Hakuita polisi. Hakuwa tena na nguvu ya kumwita mtu yeyote.

Niliwachukua mkewe na watoto jikoni wakanywe chai. Niliporudi, kaka alikuwa ameingia chumba cha nyuma na kuketi mbele ya mashine ya chambo. Alikuwa akiteremka katika majina yangu taratibu, kidole kwenye kioo.

"Huyu mzee asiyekula chumvi," alisema bila kugeuka. "Nilikwisha kumfikiria. Ulimweka ghorofani. Mtu kama huyo huwekwa chini, asihangaike na ngazi."

"Nitambadilisha," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akasikiliza watoto wake wakicheka jikoni. Kisha akavuta kibodi karibu, akaandika kwaheri, na mashine ikamjibu kwamba hailijui neno hilo.